Tutofautishe ‘dhamana’ na ‘rehani’ kabla shamba halijapigwa mnada

NIMEKUWA nikifuatilia namna wasemaji wa Kiswahili wa Kitale na Bungoma wanavyozungumzia mikopo. Jambo moja limenishughulisha: neno ‘dhamana’ limegeuzwa kapu la kutilia kila kitu. Mkulima aliyepeleka hatimiliki benki husema, “Nimeweka shamba dhamana.” Jirani aliyetia sahihi fomu ya mwenzake husema, “Nimemsainia tu loni, mimi ni mdhamini.” Mshtakiwa akitoka korokoroni, naye yuko nje kwa dhamana.

Sisemi kwamba wasemaji hawa wamevunja sarufi. Hoja yangu ni kwamba neno hili moja linaficha tofauti ambayo kisheria ni kubwa, na anayeumia ni yule asiyejua ametia sahihi kitu gani.

Tuanze na asili. ‘Dhamana’ na ‘rehani’ yote ni maneno yenye asili ya Kiarabu yaliyoingia Kiswahili kupitia pwani, kila moja likiwa na kazi yake. Dhamana, katika maana yake ya msingi, ni ahadi ya mtu: mimi najitwika jukumu la deni la fulani, akishindwa, nidai mimi. Rehani ni kitu, mathalani pete au shamba la minazi, kinachowekwa kwa mkopeshaji hadi deni lilipwe. Kwa hivyo, dhamana humfunga mtu, ilhali rehani huifunga mali.

Katika sheria ya Kiislamu, ambayo wafanyabiashara wengi wa pwani waliifuata, rehani haikumfanya mkopeshaji kuwa mwenye mali. Aliishika tu. Hata hivyo, Zanzibar ya karne ya 19 iliujua pia mkataba wa bei ya khiyari. Mwenye shamba la mikarafuu ‘alimuuzia’ tajiri shamba lake huku akibaki na haki ya kulikomboa, kisha akaendelea kulikalia kama mpangaji. Kodi aliyolipa ilikuwa riba iliyovishwa kanzu. Aliyeuchukulia mkataba huo kuwa rehani ya kawaida alishtuka muda ulipokwisha, maana kwenye karatasi alikuwa amekwisha kuuza.

Waingereza nao walikuwa na ‘mortgage’, neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya rehani iliyokufa. Kwa mapokeo ya sheria yao, umiliki wenyewe ulihamia kwa mkopeshaji hadi deni liishe. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 haikufuata njia hiyo. Kifungu cha 80 kinaeleza kuwa ardhi iliyowekewa mkopo ni kinga ya deni tu, umiliki hauhami. Mkopaji hubaki shambani akilima, naye mkopeshaji akashika hati. Hiyo ni rehani, ingawa kinachoshikwa siku hizi ni karatasi. Kuiita dhamana ni kulipa jina la ahadi jambo ambalo ni kifungo cha mali.

Mkanganyiko huzidi tukifika kwa ‘mdhamini’. Anayevalisha timu ya soka jezi ni mdhamini. Anayemwekea mshtakiwa bondi kortini ni mdhamini. Anayetia sahihi mkopo wa jirani ni mdhamini. Wanaosimamia mali ya kanisa au shule kwa niaba ya wengine ni bodi ya wadhamini. Wa kwanza hutoa hela zake kwa hiari na huo ndio mwisho wa wajibu wake. Wa pili na wa tatu hawatoi chochote leo, lakini huenda wakatoa vyote kesho. Wa nne hawadaiwi deni la mtu, wameshika amana.

Historia ya Trans Nzoia na ya Tongaren kule Bungoma inatuonyesha uzito wa jambo hili. Mashamba ya walowezi yalipogawanywa katika miaka ya 1960, familia nyingi zilipewa ardhi kwa mkopo chini ya chombo ambacho, tukilitafsiri jina lake kwa mazoea yetu, kingeitwa Wadhamini wa Hazina ya Makazi. Hati haikutolewa hadi mkopo ulipwe. ‘Wadhamini’ hao hawakumdhamini mkulima popote. Wao ndio waliokuwa wakimdai! Mkulima aliyesikia neno hilo angeweza kudhani kwamba amepata wa kumkinga.

Hata leo, katika chama cha akiba na mikopo, anayesema “nimemsainia tu” ameweka akiba yake hatarini. Neno ‘tu’ hapo halina msingi, kwani mkopaji akitoweka, mdhamini ndiye hukatwa. Akiwa ameongeza hatimiliki yake juu ya sahihi, basi amekuwa mdhamini na mweka rehani kwa wakati mmoja. Sheria hiyo ya 2012 inamtaka mkopeshaji atoe ilani ya miezi isiyopungua mitatu kwa aliyeshindwa kulipa, kisha ilani nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Ilani hizo humfaa anayeelewa kilichoandikwa. Asiyeelewa huzinduka dalali anapopiga nyundo.

Wapo watakaosema kwamba lugha hukua na kwamba ‘dhamana’ imekwisha kuenea. Ni kweli, na sipendekezi tuliondoe kortini, ambako ahadi ya mtu kurejea mbele ya hakimu bado ni dhamana hasa. Ninachopendekeza kwa watangazaji, waandishi wa habari na watayarishaji wa fomu za mikopo ni hiki: mali ikifungwa, tuseme imewekwa rehani, mtu akijifunga kwa ajili ya mwenzake, tuseme ametoa dhamana, anayefadhili michezo tumwite mfadhili, na anayeshika mali ya wengine tuseme ameshika amana. Maneno haya yote tunayo tayari, na mkulima wa Kitale anayaelewa akisomewa kabla ya kutia sahihi.