Kumjua Fundi wa Linux kwa Mkono Wake

Fundi wa kweli utamjua kabla hajaandika amri hata moja. Usakinishaji ukikwama kwenye Debian au Ubuntu, mstari wa mwisho husema tu kwamba dpkg, programu inayosakinisha vifurushi, imerudisha kosa namba 1. Hapo hakuna habari yoyote ya maana. Mbabaishaji huunakili mstari huo, akautafuta kwenye intaneti, akabandika amri ya kwanza aliyoikuta. Fundi hupandisha macho juu, mistari kumi, ishirini, hadi kosa la kwanza lilipojitokeza, kwa kuwa mengi yanayofuata yamezaliwa na hilo moja. Skrini ikiwa imeshafutwa, hufungua /var/log/apt/term.log, maana yote yameandikwa mle.

Kisha mtazame anavyosoma orodha ya dpkg -l. Kila kifurushi kimetanguliwa na herufi. Chenye ii ni kizima. Chenye iU kimefunguliwa lakini hakijasanidiwa, na iF ni kile ambacho usanidi wake ulishindikana. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, herufi hizo mbaya hutapakaa orodha nzima, na dawa yake ya kwanza ni dpkg --configure -a, inayoendeleza kazi pale ilipoachwa. Huniuma sana nikiona mtu amefutiwa diski na kuwekewa mfumo mpya kwa ugonjwa huu, kazi zake zote zimepotea, wakati tiba ilikuwa ya dakika chache.

Kipimo kingine ni kufuli. Mfumo ukisema /var/lib/dpkg/lock-frontend limeshikwa, anayelifuta kwa rm mnyang'anye kibodi. Kufuli lipo ili programu mbili zisiandike kwa pamoja kwenye daftari moja la vifurushi. Fundi huuliza kwanza nani amelishika. Kwenye Ubuntu mara nyingi ni unattended-upgrades inayosasisha kimyakimya. Basi husubiri. Kusubiri nako ni ufundi.

Sehemu ya /boot ikijaa keneli za zamani, mwenye mkono mzuri huanza na df -h, akathibitisha kwa uname -r keneli inayotumika sasa, ndipo akaziondoa zilizopitwa kupitia apt, programu inayoiendesha dpkg. Anayeingia mle na kufuta mafaili kwa mkono huiacha dpkg ikiamini vitu ambavyo havipo tena.

Lakini kinachotenganisha fundi na mbabaishaji kuliko vyote ni kuisoma orodha ya vitakavyoondolewa, ambayo apt huionyesha kabla ya kuanza kazi. Mwaka 2021 Linus Sebastian, mtangazaji wa YouTube wa Kanada, alijaribu kusakinisha Steam, programu ya michezo ya kompyuta, kwenye toleo la Linux liitwalo Pop!_OS. Mgongano wa vifurushi uliifanya apt ipange kuondoa mazingira yote ya dawati. Ilimwonya, ikamtaka aandike sentensi nzima ya kukubali, naye akaiandika. Alibaki na terminali tupu. Kosa la awali lilikuwa la vifurushi, na baadaye watengenezaji wa apt waliifanya njia hiyo ya kukubali iwe ngumu zaidi. Hata hivyo, orodha ilikuwa mbele ya macho yake. Kwa hiyo fundi anayebandika -y, yaani kukubali bila kuulizwa, kwenye kila amri simwamini, hata awe na kasi kiasi gani. Ninayemwamini huanza na apt -s, inayoonyesha kitakachotokea bila kugusa chochote.

Kazi ikiisha na programu iliyokwama ikifunguka, usimlipe fundi bado. Mwombe aandike sudo dpkg --audit, kisha sudo apt-get check, kisha sudo apt update, halafu aizime mashine na kuiwasha. Amri ya kwanza isitoe neno lolote, ya pili na ya tatu zisilete kosa, na dawati lirudi kama lilivyokuwa. Muulize pia kosa lilikuwa nini. Akikueleza kwa sentensi mbili ukaelewa, mlipe, na namba yake ihifadhi.