Mapenzi yakikutana na mazombi: Zimwi sharti liijue nyumba

Jumapili moja nilimpata mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu, ameinamia kipakatalishi sebuleni kwangu akitazama filamu. Kwenye skrini walikuwapo kina dada watano wa Kiingereza katika magauni marefu ya mwanzo wa karne ya 19, wakijipamba kwenda kucheza dansi. Nikafurahi. Nilidhani Jane Austen hatimaye amepata mfuasi mpya katika ukoo wetu. Kisha mmoja wao akapandisha gauni lake na kuchomeka kisu pajani. Punde si punde dansi ikageuka vita, vichwa vikawa vinaruka kama madafu yaliyokatwa.

“Hii ni nini?” nikamuuliza.

“Ni Pride and Prejudice, Mjomba. Ila hii ina mazombi.”

Alivyolitamka neno “ila”, ungedhani anazungumzia chai: ni ile ile, ila hii ina tangawizi. Nikavuta kiti. Mwanzoni nilikaa nipate la kulaumu, kusema kweli. Nikaishia kuitazama mpaka mwisho, na tangu siku hiyo swali moja limeninyima amani: Je, kuna kosa gani hasa kuchanganya riwaya kongwe ya mapenzi na hadithi ya kutisha?

Kwa asiyeijua, filamu hiyo ni Pride and Prejudice and Zombies, iliyoongozwa na Burr Steers na kutoka mwaka wa 2016. Lily James ndiye Elizabeth Bennet, Sam Riley ni Darcy. Inatokana na kitabu cha Mmarekani Seth Grahame-Smith cha mwaka wa 2009, ambaye aliichukua riwaya ya Austen ya 1813, akaacha sehemu kubwa ya maneno yake jinsi yalivyo, kisha akapenyeza wafu wanaokula ubongo wa watu. Kitabu kilinunuliwa mno. Filamu haikufua dafu.

Walio wepesi wa hasira watasema ni kufuru tupu, kwamba Austen aachwe alale. Mimi simo katika kundi hilo, na nina sababu. Austen mwenyewe aliuchezea mchanganyiko huu. Katika Northanger Abbey, iliyochapishwa mwishoni mwa 1817 miezi michache baada ya kifo chake, binti mmoja aitwaye Catherine Morland amelewa riwaya za kutisha za Ann Radcliffe. Anapoalikwa kwenye jumba kuukuu, usiku wa dhoruba anafungua kabati na kukuta karatasi zilizokunjwa. Mshumaa unazimika. Binti analala akitetemeka, akiamini ameshika siri ya mauaji. Kulipokucha anagundua ni orodha za nguo za dobi.

Tunacheka, na Austen anataka tucheke. Lakini kicheko hicho kina mtego. Baadaye mwenye jumba, Jenerali Tilney, anapojua kwamba binti huyu si tajiri kama alivyodhani, anamfukuza alfajiri asafiri takriban maili 70 peke yake, bila hata mtumishi wa kumsindikiza. Jitu la kutisha lilikuwamo nyumbani kweli. Ila halikujificha kabatini. Lilikuwa limeketi mezani likihesabu mali ya mgeni.

Hapo ndipo penye kipimo changu. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Walimaanisha kwamba adui anayekujua angalau atakubakishia kitu. Katika fasihi naona mambo kinyume kidogo: zimwi linalokujua ndilo linalotisha, kwa kuwa linajua ulipoficha hofu yako. Zimwi lisiloijua nyumba huvunja vyombo tu, likaondoka.

Sasa hebu tuulize: Katika Pride and Prejudice, hofu imefichwa wapi? Wengi huikumbuka riwaya hii kama hadithi ya kijana mwenye majivuno na binti mwenye ulimi mkali. Husahau kwamba kina Bennet wameketi juu ya kaa la moto. Shamba la Longbourn, linaloingiza pauni 2,000 kwa mwaka, limefungwa kisheria lisirithiwe na mwanamke. Baba akifumba macho leo, mrithi ni binamu yao, kasisi Collins, naye ana haki ya kumtoa mjane na mabinti watano nje. Kila msichana atabaki na kama pauni 1,000 tu, tena baada ya mama yao kufariki. Msomaji wa Kenya hahitaji mhadhara kuhusu binti anayeambiwa hana chake katika shamba la babake. Ndiyo maana mama yao anapigapiga kelele za ndoa kutwa kucha. Ni mama wa kuchekesha, ndiyo, lakini hatari anayoiona ipo. Elizabeth anapomkataa Collins, anachezea paa la nyumba yao wote.

Tuwalete mazombi basi. Kwenye filamu, Bwana Bennet amewapeleka mabinti zake China wakafunzwe mapigano. Wanajua upanga, bunduki na ngumi. Nakiri kuna mandhari moja iliyonifanya nisimame. Ni pale Darcy anapomposa Elizabeth mara ya kwanza. Kwa Austen, ni vita vya maneno kati ya watu wawili walioketi chumbani. Hapa maneno yale yale yanasemwa huku wawili hao wakirushiana mateke na kuvunja samani. Mpwa wangu alipiga makofi, nami nikaona amepiga kwa haki. Mkurugenzi alikuwa amekiona kitu kilichomo ndani ya riwaya, yaani kwamba posa ile ni shambulio, akakipa mwili.

Tena kuna mahali Elizabeth anamwambia dadake kwamba hatauacha upanga wake kwa sababu ya pete. Nikasema, sawasawa! Hapa sasa tunafika. Ndoa inadai mwanamke aweke silaha chini. Hilo ni swali la Austen kabisa, limevishwa nguo nyingine.

Lakini filamu inaligusa na kulipita. Baada ya hapo tunapewa makanisa ya wafu wanaolishwa ubongo wa nguruwe, madaraja ya kulipuliwa, na Wickham aliyegeuzwa jemadari wa mazombi. Wickham wa Austen hutisha kwa sababu ni mtanashati anayejua kuzungumza, kisha anamtorosha Lydia, msichana ambaye hajafika hata miaka 17, na sifa za dada zake wote zikaingia matopeni. Ukimfanya zombi, umempa udhuru: si tabia yake, ni ugonjwa. Na ukimpa Elizabeth upanga na ujuzi wa kuishi vitani, nini tena cha kumtisha katika umaskini? Mama anaendelea kulilia waume, lakini kilio chake sasa hakina mizizi. Mazombi hawakuileta hofu juu. Wameifukia.

Ushahidi ulionichoma zaidi ni wa Charlotte Lucas, rafiki ya Elizabeth. Kwa Austen, Charlotte ana miaka 27, si mrembo, hana mali, na anamkubali Collins yule yule aliyekataliwa na rafikiye, akijua fika kwamba mwanamume huyo ni mpumbavu. Katika kitabu cha Grahame-Smith, Charlotte ameumwa na zombi. Anaolewa huku akioza polepole, na mumewe amejisahau mno hata haoni. Unaweza kubishana na kitabu hicho kwa mengi, lakini hapo zimwi liliijua nyumba. Mwanamke anaozea ndani ya ndoa mbele ya macho ya watu, na wageni wanaendelea kunywa chai. Filamu ikaliacha jambo hilo. Ilibaki na milipuko, ikatupa lile tukio moja ambalo lingenikosesha usingizi.

Labda utasema, “Mwalimu, filamu ni burudani, unaitwisha mzigo usio wake.” La hasha. Nitakupa filamu nyingine, tena ya bei nafuu, iliyobeba mzigo huu bila kulalamika. Mwaka wa 1943 studio ya RKO ya Marekani ilimkabidhi mtayarishaji Val Lewton jina tupu la filamu: I Walked with a Zombie. Jina la mabango ya barabarani, utadhani. Lewton akaamua kulijaza na Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë ya 1847, na Jacques Tourneur akaongoza.

Unakumbuka Jane Eyre? Yaya anampenda tajiri Rochester, kumbe juu darini amefungiwa mke wa kwanza, Bertha, aliyeletwa kutoka Jamaica na mahari nono. Brontë anatuonyesha kicheko chake cha usiku na moto anaouwasha. Mali ya familia yake ilitoka wapi, nani alilima huko Jamaica, hayo hayasemwi sana.

Filamu ya 1943 inaihamisha hadithi hadi kisiwa cha Karibi. Muuguzi kutoka Canada anakuja kumhudumia mke wa mwenye shamba la miwa, mwanamke anayetembea lakini hasemi, haelekei kuwa hai wala kufa. Muuguzi anampenda yule mume. Hadi hapo ni Brontë. Lakini mapema, akiwa njiani kwenda shambani, mwendesha gari la farasi anamsimulia jinsi meli ilivyowaleta babu zake wakiwa wamefungwa minyororo. Sanamu ya meli hiyo sasa imesimama katika bustani ya tajiri. Muuguzi anajibu kwamba angalau waliletwa mahali pazuri. Mzee anamwitikia kwa adabu tu, na adabu hiyo inakata kuliko panga zote za kina dada Bennet. Hakuna anayeliwa ubongo katika filamu hii. Kilichofanyika ni kwamba utisho umefungua mlango ambao riwaya ya mapenzi ilikuwa imeufunga kwa adabu.

Na hapa lugha yetu inanisaidia kuliko nadharia. Zombi wa 2016 ni yule aliyezoeleka tangu filamu ya George Romero ya 1968, Night of the Living Dead: mfu mwenye njaa, asiye na jina wala historia. Lakini zombi wa imani za Haiti, nchi iliyojengwa juu ya jasho la watumwa, ni mtu aliyenyang'anywa nafsi ili afanyishwe kazi. Haumi mtu. Anamtumikia bwana. Waswahili tunamfahamu huyo. Ndiye msukule, ambaye husemekana mchawi amemchukua huku jamaa zake wakidhani wamemzika, akalimishwa shamba usiku na kulishwa pumba. Wengine humwita ndondocha. Kwa hivyo mfasiri akinijia na filamu hizi mbili, nitamwambia ya 2016 aandike “mazombi”, na ya 1943 aandike “msukule” bila kusita. Neno la kwanza linataja kinachokushambulia. La pili linakulazimisha uulize: ni nani aliyemfanya hivi, na shamba ni la nani?

Wapo vijana wetu wanaoandika miswada ya filamu, na najua kishawishi cha kuchukua hadithi ya mapenzi na kuitia jini ili isisimue. Watie, sina neno. Lakini kabla ya jini kubisha hodi, mwandishi aketi na wapenzi hao wawili awaulize wanaogopa nini mchana, wakati hakuna giza wala dhoruba. Jini aje na jibu hilo mkononi.

Mpwa wangu hakukubaliana nami. “Mjomba, wewe unataka kila zombi awe na digrii,” alisema, akacheka. Hata hivyo alipoondoka aliibeba nakala yangu ya Austen, ile yenye jalada lililochanika. Juzi akanitumia ujumbe akitaka kujua kwa nini Charlotte, ambaye safari hii hajaumwa na chochote, amekubali kuolewa na mtu kama Collins.

Sijamjibu. Nasubiri kwanza afike pale Elizabeth anapokwenda kumtembelea, akione kile chumba cha nyuma ambacho Charlotte amejichagulia kukaa mchana, kwa kuwa ndicho mumewe hana haja ya kuingiaingia.