Wachuuzi wa Ufukwe wa Diani

Wachuuzi wa ufukwe wa Diani, Kaunti ya Kwale, huuza vikoi, leso, shanga na vinyago kwa wageni wa lugha nyingi. Wengi hawakusomea lugha hizo darasani; wamezidaka mchangani kwa kusikiliza na kurudia.

Ugumu umo katika maneno yanayokaribiana. Kikoi kikiitwa billig, Mjerumani anaweza kudhani kitambaa ni hafifu. Günstig husifu bei bila kuishusha bidhaa. Kwa Kihispania, descuento ni punguzo analopewa mteja, ilhali rebajas ni msimu wa maduka kushusha bei. Cambio huweza kuwa chenji kwa Mhispania. Kwa Mwitaliano ni kubadilisha fedha, na chenji ni resto.

Haya yote hufanywa juani, bidhaa zikiwa begani, yuro ikigeuzwa shilingi kichwani kabla mteja hajapita. Mvua za masika zikianza, wageni hupungua, lakini kodi ya nyumba mjini Ukunda na karo ya shule hazipungui. Kwa baadhi ya wageni, mchuuzi huwa mwenyeji wa kwanza kuwasemesha kwa lugha yao, na kazi hiyo ya lugha hailipwi na yeyote.