Askari, Mlenga Shabaha na Mkusanyaji: Namna Madai Matatu Yalivyounda Kisu cha Fundi

Katika Marekani ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, makundi matatu ya watu yalikutana mara kwa mara kwenye meza zilezile za maonyesho: wanajeshi wastaafu, walenga shabaha pamoja na wawindaji, na wakusanyaji wa visu vya kuagiza, yaani visu vinavyotengenezwa kimoja kimoja na fundi anayejulikana kwa jina. Ni rahisi kudhani kwamba kilichowaunganisha ni mapenzi ya silaha tu, lakini visu vyenyewe vikichunguzwa, kuanzia ncha hadi kitako cha mpini, huonekana uhusiano wa ndani zaidi, kwa kuwa kila kundi lilimletea fundi dai lake, na madai hayo yote yanasomeka katika umbo, feleji na viungo vya kisu kimoja.

Dai la kwanza lilikuwa la askari. Walter Doane Randall, mkulima wa machungwa wa Orlando, Florida, ambaye wengi walimwita Bo, alianza kutengeneza visu mwishoni mwa miaka ya 1930 baada ya kuona kisu cha mhunzi William Scagel wa Michigan kikikwangulia rangi ya mashua bila makali yake kuharibika. Randall alichagua kufua, yaani kuipasha moto feleji na kuipiga nyundo hadi ipate umbo, na feleji aliyoitumia ilikuwa ile ya kutengenezea zana, ambayo hupashwa hadi nyuzijoto 800 hivi za Selsiasi, ikachovywa katika mafuta ili iwe ngumu, kisha ikapashwa tena kwa joto la chini ili ugumu huo usigeuke wepesi wa kuvunjika. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka na wanajeshi wakaanza kumwagiza visu vya kupigania, aliunda kisu alichokiita Modeli 1, chenye kikinga mkono cha shaba ya manjano na mpini wa visahani vya ngozi vilivyopangwa na kubanwa pamoja, kwa sababu ngozi hushikika hata mkono ukiwa na jasho na haiubabui kwa joto wala kwa baridi kama chuma kitupu.

Dai la askari lilikuwa kali kiasi cha kumlazimisha fundi kwenda kinyume cha kanuni ya kawaida ya uimara. Katika miaka ya 1960, wakati wa vita vya Vietnam, Randall alitoa Modeli 18, ambayo mpini wake ni bomba la chuma lililo wazi ndani ili kuhifadhia viberiti, dawa au ndoano, na ambayo mgongo wake una meno ya msumeno yaliyokusudiwa kukata bati jembamba la aluminiamu la ndege iliyoanguka. Kwa hesabu ya kiufundi umbo hili lina udhaifu, kwani mkia wa kisu, yaani sehemu ya ubapa inayoingia ndani ya mpini, hukomea mwanzoni mwa bomba badala ya kufika kitakoni, hivyo nguvu yote ya kukata huishia kwenye kiungo kimoja kifupi. Askari walikubali udhaifu huo wakijua walichopata badala yake, na makubaliano ya namna hiyo, ambayo mtumiaji anapima hasara dhidi ya haja yake, ndiyo elimu kubwa ambayo wanajeshi wastaafu walirudi nayo katika ulimwengu wa visu.

Dai la pili lilitoka kwa mwindaji na mlenga shabaha, na aliyelitafsiri vizuri zaidi ni Robert Waldorf Loveless, baharia wa meli za biashara. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliingia katika duka la Abercrombie & Fitch mjini New York akitaka kisu cha Randall, akaambiwa asubiri miezi tisa, naye akaamua kujitengenezea chake kwa springi ya gari kuukuu. Loveless alijulikana baadaye kwa kukata na kusaga, njia ambayo fundi huanza na kipande bapa cha feleji na kuondoa kisichohitajika kwa mashine ya msasa. Umbo lililompa jina ni lile ambalo mgongo wa kisu hushuka taratibu kuelekea ncha, ili mwindaji anapopasua tumbo la mnyama ncha isitoboe utumbo na kuharibu nyama. Aliupunguza pia unene wa mkia kadiri unavyoelekea kitakoni, kazi inayodai saa nyingi na uangalifu mkubwa, lakini inayopunguza uzito wa nyuma na kukifanya kisu kitulie mkononi.

Mtu aliyezoea bunduki iliyoundwa na fundi huielewa kazi hiyo bila maelezo marefu. Mlenga shabaha hujua kwamba bunduki hupoteza uthabiti wake pale chuma kinapokaa vibaya katika kitako cha mbao, na jicho lililofunzwa kutafuta mwanya huo ndilo hutazama mahali mpini unapokutana na kikinga mkono. Haikuwa ajabu, basi, kwamba chama cha kwanza kikubwa cha mafundi wa visu, Knifemakers' Guild, kilianzishwa mwaka 1970 katika maonyesho ya bunduki mjini Las Vegas, chini ya uhamasishaji wa mfanyabiashara wa visu A. G. Russell. Miaka miwili baadaye Loveless aliwafungulia mafundi wenzake njia ya kutumia 154CM, feleji isiyoshika kutu kwa urahisi, iliyobuniwa kwa vipuri vya injini za ndege na yenye kromiamu asilimia 14 hivi na molibdenamu asilimia 4 hivi.

Dai la tatu, la mkusanyaji, lilileta fedha na subira, na bila hivyo fundi asingeweza kutumia wiki nzima juu ya kisu kimoja. Dai hili lilikuja na hatari yake, kwa sababu kisu kinachonunuliwa ili kiwekwe kabatini kinaweza kung'aa huku feleji yake ikiwa haikupashwa ipasavyo. Hatari hiyo ilikua pale mhunzi William Moran wa Maryland alipoonyesha mwaka 1973 visu vya feleji ya Damaski, inayopatikana kwa kuunganisha motoni tabaka za feleji za aina tofauti na kuzikunja mara nyingi, hata asidi inapopakwa juu yake huonekana michoro kama mawimbi, urembo ambao ungeweza kumridhisha mnunuzi asiyeuliza zaidi.

Jibu la Moran linastahili kusifiwa kuliko michoro ile. Mwaka 1976 alianzisha American Bladesmith Society, chama cha wahunzi wa visu ambacho humtaka mwanachama apite mtihani kabla ya kupanda daraja: kisu chake kikate kwa pigo moja kamba ya unene wa inchi 1 inayoning'inia, kikate mara mbili ubao wa inchi 2 kwa 4, kisha makali yaleyale yanyoe nywele, na mwishowe ubapa ubanwe katika jiliwa na kupindwa hadi nyuzi 90 bila kuvunjika. Majaribio hayo yanapingana kwa makusudi, kwa kuwa makali yanayostahimili ubao yanahitaji ugumu, ilhali kupinda kunahitaji ulaini, na fundi hufaulu tu akiweza kuyafanya makali kuwa magumu na kuuacha mgongo laini katika kipande kilekile cha feleji.

Katika mtihani huo makundi matatu yanapata lugha moja. Kisu kinachofaulu huwa kimeharibiwa na hakiwezi kuuzwa, lakini kinathibitisha mkono utakaotengeneza vingine, na thamani ya mkusanyaji inasimama juu ya uthibitisho huo, kama vile askari alivyouweka uhai wake juu ya kiungo cha mpini na mlenga shabaha anavyouweka ushindi wake juu ya mkao wa chuma katika mbao. Kwa hiyo mkusanyaji anayeuliza kwanza feleji ni ya aina gani, ilipashwa vipi na mkia umefika wapi, ndipo akatazama mng'aro, anailinda kazi ya fundi, na asiyeuliza hayo anawafundisha mafundi vijana kwamba mng'aro unatosha.