Kukinga na Ukingo

Kukinga na ukingo ni maneno ya shina moja, wala hayafai kufundishwa kama wageni wasiojuana. Kukinga ni kuzuia kitu kisipite au kisidhuru: twakinga jua kwa mkono, twakinga njia kwa gogo. Lakini kukinga ni kupokea pia: mvua inyeshapo, mama hukinga maji ya paa kwa mtungi. Na ukingo ndio ukomo wa kitu, kama ukingo wa mto au wa chungu. Basi katika shina hili mna kuzuia, mna kupokea, na mna mpaka.

Mkulima wa Usoke ayajua yote matatu bila ya kamusi. Matuta ya shamba lake yana kingo. Huyazuia maji ya mvua yasikimbie, kisha huyapokea yakanywesha mazao. Historia ya huko nayo yatufunza kuwa maana hutegemea upande asimamapo mtu. Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Urambo, aliikinga njia ya misafara itokayo Tabora kwenda Ujiji. Kwa wafanyabiashara Waarabu wa Tabora hicho kilikuwa kizuizi. Kwa Mirambo ilikuwa kinga ya enzi yake.

Ushairi wetu nao umegombaniwa vivyo hivyo. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani yenye mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani. Katika mabishano yaliyofuata, wengine waliviita vina na mizani pingu, wengine wakaviita uhai wa shairi. Kwa maoni yetu, kila upande umeshika maana moja ya neno na kuziacha nyingine. Mizani 16 za mshororo humzuia mtunzi asitapanye maneno, na papo hapo huyapokea mawazo yake. Naye atungaye bila vina hana budi kujiwekea ukingo mwingine, wa taswira au wa mapigo ya sauti, ama sivyo maji yatamwagika.

Kwa hiyo mwalimu ahesabuye mizani tu katika shairi la mwanafunzi amepima matuta, hajauliza kilichopandwa. Ayapime, naam, kisha aulize. Tuta lililonyooka bila mbegu halimshibishi mtu.