Mgonjwa, Mbebaji na Mkusanyiko: Istilahi za Daftari la Selimundu

Kazi ya kuyatambua na kuyaorodhesha maeneo yenye maradhi ya kurithi ni kazi ya hesabu. Lakini hesabu haiwezi kuwa sahihi ikiwa majina ya vinavyohesabiwa yamechanganywa. Katika makala haya tunakusudia kupima istilahi chache zihusuzo selimundu, maradhi ya kurithi yaliyoenea sana nchini Tanzania.

Neno selimundu lenyewe halina kasoro. Limeungwa kwa seli, neno la mkopo, na mundu, zana aijuayo mkulima. Nayo maana, yaani seli ya damu iliyopinda kama mundu, hudhihirika mara moja. Kasoro imo katika maneno yanayoliandama. Wako wasemao kwamba mtu fulani “ana vimelea vya selimundu”. Kimelea ni kiumbe kiingiacho mwilini kutoka nje, kama kile cha malaria kiletwacho na mbu. Selimundu haiambukizi, mtoto huirithi kwa baba na mama. Tena, mwaka 1954 A. C. Allison alionyesha kwamba aliyerithi kinasaba kimoja tu cha selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria, na ndiyo maana hali hiyo imeenea zaidi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria kuliko nyanda za juu zenye baridi. Kumwita mtu huyo mwenye vimelea ni kuupindua ukweli. Neno lifaalo ni kinasaba, lililotokana na nasaba.

Aliyerithi kinasaba kimoja ni mbebaji. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili ni mgonjwa. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Kipimo cha kutazama kama seli hupinda hakiwatenganishi wawili hawa. Huhitajika kipimo cha kuchanganua himoglobini. Karani akiandika “selimundu” kwa wote, wabebaji wenye afya watahesabiwa wagonjwa.

Kuhusu eneo, hatukubaliani na “mlipuko wa selimundu”. Mlipuko huzuka na kukoma, kama wa kipindupindu. Tunapendekeza mkusanyiko. Hata hivyo, mkusanyiko wa nini? Tuchukue mfano wa Msata, ambako barabara ya kutoka Bagamoyo hukutana na ile itokayo Chalinze kwenda Segera. Zahanati ya njiapanda hupokea wenyeji, wahamiaji na wapita njia. Fomu yenye neno moja tu, “Mahali”, inaweza kuonyesha mkusanyiko uliosababishwa na barabara, wala si na nasaba. Hatuna budi kutenga mahali pa matibabu, mahali pa kuzaliwa na asili ya wazazi.

Mfasiri wa fomu, basi, asidhani kwamba anafasiri vichwa vya safu tu. Vichwa hivyo ndivyo vitakavyoamua dawa ipelekwe wapi, na kijiji kipi kinyoshewe kidole bure.