Zimwi Likujualo: Sinema Mbili za Tobe Hooper

Methali husema kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Adui aliye jirani, hata akiwa mkali namna gani, humbakishia mtu kitu kwa sababu ya mazoea. Methali hiyo yafaa kuwa kipimo cha sinema mbili za kutisha zilizotengenezwa na mtu mmoja katika jimbo moja la Marekani, ya kwanza mwaka 1974 na ya pili mwaka 1986. Mtu huyo ni Tobe Hooper, mzaliwa wa Austin katika Texas, aliyefariki mwaka 2017. Sinema ya kwanza ni The Texas Chain Saw Massacre, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Mauaji ya Texas kwa Msumeno wa Injini. Ya pili ilichukua jina hilo hilo na kuongezewa tarakimu ya 2. Katika ya kwanza zimwi halimjui mtu, wala mtu halijui zimwi. Katika ya pili wamekwisha kujuana, na hofu imegeuka mzaha. Wengi walioipenda ya kwanza waliichukia ya pili kwa sababu hiyo, wakasema kuwa Hooper ameikejeli kazi yake mwenyewe. Hukumu hiyo yastahili kupimwa upya, maana si kila anayecheka huwa amesahau msiba.

Kisa cha sinema ya kwanza ni chepesi. Vijana watano wanasafiri kwa gari kwenda kutazama kaburi la babu yao wawili miongoni mwao, Sally na ndugu yake Franklin, baada ya habari kuenea kuwa makaburi yanafukuliwa. Franklin hawezi kutembea, naye hukaa katika kiti cha magurudumu. Njiani petroli inakosekana, na mmoja baada ya mwingine wanaingia katika nyumba ya watu ambao zamani walikuwa wachinjaji wa ng'ombe. Kazi yao ya nyundo ilichukuliwa na mashine, lakini ustadi na nyundo vilibaki mikononi mwao. Sasa huchinja watu, na nyama huuzwa katika kituo cha petroli kilicho kando ya barabara. Miongoni mwao yumo jitu lisilosema, lijifunikalo uso kwa ngozi ya watu wengine, ambalo huitwa Leatherface, yaani Uso wa Ngozi. Katika wale watano Sally peke yake ndiye anayeokoka.

Maneno yanayofungua sinema hiyo hudai kuwa mambo yote yalitukia kweli. Hayakutukia. Kilichochukuliwa katika maisha ni kidogo tu, nacho kilitoka mbali na Texas: ni habari za Ed Gein wa Wisconsin, aliyekamatwa mwaka 1957, ambaye alitengeneza vitu kwa ngozi na mifupa ya maiti. Lakini namna picha zilivyopigwa humfanya mtazamaji aamini. Hooper na wenzake walifanya kazi katika joto la kiangazi cha mwaka 1973, kwa filamu nyembamba ya milimita 16 na fedha ambazo hazikufika dola laki mbili. Jasho linaloonekana katika nyuso za wachezaji ni jasho la kweli.

Ajabu ya sinema hiyo ni kuwa damu yake ni haba. Kijana wa kwanza anapigwa nyundo mlangoni, mwili unatupatupa, kisha mlango wa chuma unasukumwa na kufungwa kwa kishindo. Yote hupita katika nukta chache, na mtazamaji hubaki nje ya mlango asijue alichokiona. Msichana anatundikwa katika kulabu ya nyama, lakini kulabu haionekani ikiingia mwilini. Linaloonekana ni uso wake, na beseni lililowekwa chini yake. Akili ya mtazamaji hujaza kilichofichwa, na hujaza kupita kiasi. Hooper alitumaini kwamba kwa uhaba huo wa damu wakaguzi wa Marekani wangeiruhusu hata kwa watoto wanaofuatana na wazazi wao. Hawakukubali. Huko Uingereza bodi ya wakaguzi iliinyima cheti mwaka 1975, na haikukitoa mpaka mwaka 1999. Watu walikataza kile walichodhani wamekiona.

Hata hivyo, si kweli kuwa sinema ya kwanza haikuwa na kicheko. Hooper mwenyewe alilalamika kuwa watazamaji waliogopa mno hata wasiuone mzaha uliomo. Mzee mwenye kituo cha petroli, ambaye ndiye Mpishi wa jamaa hiyo, amekwisha kumfunga Sally na kumtia katika gari. Kabla ya kuondoka anakumbuka kurudi kuzima taa, akinung'unika kuwa gharama ya umeme itamfilisi. Afikapo nyumbani jambo linalomkasirisha ni mlango ambao ndugu ameukata kwa msumeno. Kisha analetwa Babu, anayesifiwa kuwa hapakupata kutokea mchinjaji hodari kama yeye. Nyundo inatiwa mkononi mwake, nayo inaanguka. Inaokotwa na kutiwa tena, na tena inaanguka, huku kichwa cha Sally kimeinamishwa juu ya beseni. Mambo haya ni ya kuchekesha kwa asili yake. Mtu hawezi kuyacheka kwa sababu Sally analia, na kamera haiondoki karibu na jicho lake.

Basi mbegu ya sinema ya pili ilikuwamo katika ya kwanza. Lililobadilika ni udongo. Miaka 12 baadaye Hooper alikuwa na mkataba wa sinema tatu na kampuni ya Cannon, iliyokuwa mikononi mwa Menahem Golan na Yoram Globus. Fedha sasa zilizidi dola milioni nne. Maneno yaliandikwa na L. M. Kit Carson, na majeraha yalitengenezwa na Tom Savini, fundi aliyejulikana kwa kazi hiyo. Sinema ilitolewa bila ya cheti cha wakaguzi, na tangazo lake liliwapanga wauaji kama wanafunzi wa The Breakfast Club, sinema ya vijana iliyopendwa mwaka uliotangulia. Tangazo hilo peke yake lilitosha kumwonya mtazamaji kuwa haendi kuogopeshwa kama zamani.

Jambo la kwanza ambalo sinema ya pili inawapa wauaji ni jina la ukoo. Katika ya kwanza hawakuwa nalo. Sasa wanaitwa Sawyer, neno ambalo maana yake ya asili ni mpasua mbao, na Mpishi anaitwa Drayton Sawyer. Jambo la pili ni kipato. Mpishi aliyehesabu senti za umeme sasa ana gari la kuuzia chakula, hupika kwa ajili ya karamu, na anashinda tuzo katika mashindano ya kupika mchuzi wa nyama na pilipili. Jino la binadamu linapoonekana katika mchuzi husemwa kuwa ni punje ya pilipili yenye ganda gumu, na watu wanacheka na kuendelea kula. Akiwa mafichoni analaani kodi na ugumu wa maisha ya mfanyabiashara mdogo, kama alaanivyo mfanyabiashara ye yote aliye mwaminifu.

Hapa ndipo mzaha unapofanya kazi ambayo hofu haikuweza kuifanya. Wauaji wa mwaka 1974 ni mabaki ya kazi iliyokufa, nao hukaa mbali na watu; anayetaka kuwaepuka na asipite njia yao. Wauaji wa mwaka 1986 hawaepukiki, kwa kuwa chakula chao kimo mezani pa kila mtu na mji umewavisha nishani. Zimwi limejulikana, na limejulikana kwa sifa njema. Mtazamaji anayecheka mbele ya jino lile hujikuta ameketi pamoja na walaji. Sinema ya kwanza ilimweka mahali pa Sally, na hakuna mtazamaji anayekataa kuwekwa hapo, maana kila mtu hupenda kujidhania kuwa mdhulumiwa. Ya pili inamweka mahali pasipo na heshima hiyo.

Redio nayo yaonyesha tofauti hiyo. Katika sinema ya kwanza sauti ya mtangazaji inasoma habari za makaburi yaliyofukuliwa na maafa mengine, nao vijana wanapita bila ya kujali. Katika ya pili mwanamke mkuu, Stretch, ambaye Caroline Williams ameiga nafasi yake kwa nguvu nyingi, ni mtangazaji anayepiga santuri redioni. Vijana wawili wa kitajiri wanampigia simu kutoka katika gari lao kwa kumchokoza, na kumbe wakati huo huo wanauawa kwa msumeno barabarani. Sauti yote inanaswa katika utepe. Polisi wanasema ni ajali. Lefty, afisa aliyeigizwa na Dennis Hopper, mjomba wa Sally na Franklin, anamwomba Stretch aupige utepe huo hewani. Ushahidi unapotangazwa, wa kwanza kuitikia mwito ni wauaji wenyewe.

Makosa ya sinema ya pili si haba, wala hayafai kufichwa. La kwanza ni wingi wa damu. Savini ni fundi kweli, lakini kila jeraha analolionyesha linaondoa kitu katika akili ya mtazamaji. Mlango wa chuma uliofungwa mwaka 1974 hapa umeachwa wazi, na nyuma yake kumbe palikuwa na rangi na mpira. La pili ni kurudia. Karamu ya Babu na nyundo yake inarudishwa karibu kama ilivyokuwa, na jambo lililotisha kwa kuwa halikutazamiwa sasa latazamiwa. La tatu ni Lefty. Ananunua misumeno dukani, anaijaribu juu ya gogo kama mwenda wazimu, kisha anazunguka katika mapango yaliyo chini ya uwanja wa michezo uliotelekezwa, akikata nguzo na kuimba, huku kisa kikimsubiri. Theluthi ya mwisho ina kelele nyingi kuliko mwendo.

Lakini katika mapango hayo hayo limo jambo ambalo wakosoaji wengi wamelipita. L. G., fundi wa redio anayempenda Stretch na ambaye mpaka hapo ameonyeshwa kama mtu wa kuchekesha, amepigwa na kuchunwa ngozi. Leatherface, ambaye naye amempenda Stretch kwa mapenzi ya kijinga, anamvika msichana huyo uso wa L. G. ili kumficha kwa nduguze. Mzaha haungeweza kwenda mbali zaidi ya hapo. Ndipo L. G. anapozinduka. Akiwa hana ngozi anainuka, anamfungua msichana, kisha anakufa, naye Stretch anamlilia. Mahali pengine katika mapango hayo Lefty anakuta mifupa ya Franklin pamoja na kiti chake cha magurudumu, na mtu huyu mwenye misumeno mitatu anatokwa na machozi.

Sinema ya kwanza haikumlilia mtu. Rafiki wanne wa safari wanakufa, na hakuna anayepata nafasi ya kutamka jina lao kwa kuaga. Franklin anakatwa gizani, na Sally hana budi kukimbia. Huo ndio ukali wake, nao ni ukali wa haki, kwa kuwa mauaji ya ghafula hayampi mtu muda wa matanga. Lakini deni lilibaki. Sinema ya pili, iliyoshutumiwa kuwa haina heshima, ndiyo iliyorudi miaka mingi baadaye kuitafuta mifupa ya Franklin. Hata wauaji wana msiba wao: Chop Top, aliyerudi kutoka vita vya Vietnam na bamba la chuma kichwani, hubeba maiti ya ndugu yake aliyegongwa na lori katika sinema ya kwanza, akimchezesha kama mwanasesere. Ni tendo la kuchukiza na la kuchekesha, na ndani yake mna mtu asiyeweza kuzika.

Miisho miwili yapasa kutazamwa pamoja. Mwaka 1974 Sally anaokolewa na mpita njia. Amejaa damu nyuma ya gari, analia na kucheka bila ya kutofautisha, na nyuma yake Leatherface anazungusha msumeno katika mwanga wa asubuhi. Mwaka 1986 hakuna anayekuja. Stretch anapanda mpaka kilele cha mwamba wa bandia, anauchukua msumeno uliowekwa mikononi mwa maiti ya bibi wa ukoo, anamwangusha Chop Top, kisha anauzungusha hewani akipiga kelele kama alivyofanya Leatherface. Ameshinda kwa nguvu zake mwenyewe, lakini chombo alichoshinda nacho ni cha ukoo ule, na mchezo anaoucheza ni wao. Mtazamaji aliyecheka njia nzima haambiwi kama afurahi au ahuzunike.

Ikiwa kazi ya sinema ya kutisha ni kutisha, ya kwanza inaipita ya pili kwa mbali, na hakuna mzaha utakaofuta pengo hilo. Lakini methali ya zimwi haisemi kuwa aliyejuana nalo amesalimika. Husema tu kuwa hataliwa akakwisha. Sinema ya mwaka 1974 yaonyesha kuliwa kwenyewe. Ile ya mwaka 1986 yatazama kilichobakishwa: mifupa ndani ya kiti, sauti ndani ya utepe, na msichana aliye hai juu ya mwamba, asiyeweza bado kuutua msumeno.